Nyumba Zilizojengwa kwa Umri wa Makaa

Kiangazi cha mwaka 1844 barabara za kaunti ya Durham, kaskazini mashariki mwa Uingereza, zilijaa samani. Vitanda vya nguzo nne, makabati ya mahogani yaliyong'arishwa, saa ndefu za kusimama zinazotiwa ufunguo mara moja kwa wiki, vyote vilipangwa kando ya njia, na wenyewe, wazee kwa watoto, walilala humo humo, shuka na mazulia yakiwa ndiyo paa. Wachimbaji makaa walikuwa wamegoma tangu tarehe 5 Aprili. Wenye migodi walipoona njaa imeshindwa kuwarudisha shimoni, waliita polisi na watu wa kukodi wakawatoe majumbani. Hapakuwa na kesi ya kubishania. Nyumba ni ya mgodi, mchimbaji anakaa humo kwa sababu anachimba. Akiacha kuchimba hana haki hata ya kizingiti.

Samani hizo ziliwashangaza wageni wengi wa zama zile. John Roby Leifchild, aliyetumwa na tume ya kuchunguza ajira ya watoto migodini, tume iliyotoa ripoti yake mwaka 1842, alikuta nyumba duni zenye vyombo vya fahari: kitanda kizuri, kabati la droo, saa ya gharama. Ni rahisi kusema hayo yalikuwa majivuno ya maskini. Mimi naona hesabu ya watu wenye akili. Kitanda kilihama na mwenyewe, nyumba haikuhama. Wachimbaji wa Durham walifungwa kwa mkataba wa mwaka, ambao wengi wao waliutia sahihi kwa alama ya msalaba kwa kuwa hawakujua kuandika. Mwaka ukiisha, kila majira ya kuchipua, wengine walivuka kwenda mgodi mwingine penye ahadi nzuri zaidi, na barabara zikawa na misafara ya mikokoteni iliyobeba ndoa nzima: godoro, sufuria, saa, bibi kizee juu ya mzigo. Nani angepaka rangi ukuta ambao mwakani ni wa mwingine?

Wenye nyumba nao walikuwa na hesabu yao. Makaa mengi ya Durham yalikuwa chini ya ardhi ya kanisa na ya makabaila, na kampuni ya mgodi ilipewa haki ya kuchimba kwa miaka kadhaa tu; mkataba wa miaka 21 ulikuwa jambo la kawaida. Muda ukiisha, au tabaka la makaa likikauka, kilichojengwa juu ya ardhi kilibaki kwa mwenye ardhi. Kwa hiyo kampuni ilipojenga nyumba ilijiuliza swali moja: makaa haya yatachukua miaka mingapi? Nyumba ilipaswa kusimama muda huo, basi. Msingi ulikuwa wa kubabaisha, sakafu ni mabamba ya mawe yaliyolazwa juu ya udongo mtupu, unyevu ukapanda ukutani kila masika. Aliyewahi kuishi katika kota za reli au za shamba la katani ataujua mpango huo bila kuonyeshwa: nyumba ni kifaa cha kazi, na kifaa hakitengenezwi kidumu kuliko kazi yenyewe.

Jinsi vijiji vya makaa vilivyoota inaonekana vizuri Hetton-le-Hole. Upande wa mashariki wa Durham makaa yamefunikwa na mwamba mnene wa chokaa, na kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba chini yake hakuna makaa ya maana. Kampuni ya Hetton ikachimba, ikayapata, na mwaka 1822 ikafungua reli yake hadi mto Wear kule Sunderland, iliyojengwa na George Stephenson. Katika miaka kumi, kati ya hesabu ya watu ya 1821 na ile ya 1831, mahali palipokuwa na watu wasiofika elfu moja pakawa na zaidi ya elfu tano. Watu hao hawakusubiri mji upangwe. Walisimamishiwa safu za nyumba karibu na mdomo wa shimo, ukuta mmoja ukitumika na jirani wawili, safu nyuma ya safu, kila moja ikitazama kisogo cha mwenziwe. Kanisa, duka na shule vilikuja baadaye, kama vilikuja.

Nyumba ya kawaida ya wakati huo ilikuwa ya chumba kimoja cha chini, na juu yake dari ya mbao chini kabisa ya vigae. Ngazi ya kuegemeza ndiyo iliyotumika kupandia huko. Wazazi walilala chini penye kitanda cha fahari, watoto wakalala juu, ambako vigae vilivyoachana viliruhusu theluji kuingia. Familia kubwa iliweza kupewa nyumba pana zaidi, yenye chumba cha pili, lakini ukubwa uliohesabiwa ulikuwa wa mikono inayokwenda shimoni. Baba mwenye wavulana wanne wanaofanya kazi mgodini alikuwa na neno mbele ya msimamizi. Mwenye mabinti wanne alichukua alichopewa. Mjane asiye na mwana mgodini hakuwa na uhakika wa kupewa chochote.

Mgomo wa 1844 ulivunjika baada ya miezi kama minne. Lord Londonderry, mmoja wa wenye migodi wakubwa, alileta wapangaji wa mashamba yake ya Ireland wachimbe badala ya wagomaji, na akawaonya wenye maduka wa Seaham wasithubutu kuwakopesha chakula watu waliogoma. Mkataba wa mwaka ulifutwa Durham mwaka 1872, lakini kifungo cha nyumba kilibaki palepale. Mwaka 1891, katika mgodi wa Silksworth, familia zilitolewa tena nje na makuli wa kukodi, ambao wachimbaji waliwaita wauza peremende, kwa kuwa kizazi cha kwanza cha makuli hao kiliokotwa miongoni mwa wachuuzi wa barabarani. Hakuna tusi lililouma zaidi ya hilo katika vijiji vya makaa.

Katikati ya karne ya 19 na kuendelea, nyumba zenyewe zilibadilika. Migodi ya mashariki ilikuwa ya kina kirefu na ya gharama kubwa, na aliyezamisha mtaji mkubwa hivyo alitarajia kuchimba kwa vizazi. Hapo ikawa na maana kujenga kwa matofali ya kuchoma, mengi yakitoka katika viwanda vya migodi yenyewe, kwani udongo mzuri wa tofali hupatikana pamoja na tabaka za makaa. Paa likapata vigae vya jiwe, dari ya ngazi ikawa ghorofa ya kweli yenye vyumba viwili. Kule Beamish, katika jumba la makumbusho la wazi, pamehifadhiwa safu ya nyumba sita za Francis Street, zilizojengwa na kampuni ya Hetton katika miaka ya 1860. Zilibomolewa kule kwao na kujengwa upya jiwe kwa jiwe katika miaka ya 1970. Ukiziangalia hizo utaelewa jambo ambalo michoro haisemi: nyumba hizi zilikuwa na mgongo ulio muhimu kuliko uso.

Mlango wa mbele ulifunguliwa kwa bibi harusi, kwa kasisi na kwa jeneza. Maisha yote yalipitia nyuma. Nyuma kulikuwa na ua mdogo wenye ukuta, ndani yake stoo ya makaa na choo, na nyuma ya ukuta huo uchochoro mpana wa kutosha mkokoteni. Upana huo ulipimwa kwa sababu maalumu. Sehemu ya ujira wa mchimbaji wa Durham mwenye familia ilikuwa nyumba isiyolipiwa kodi na makaa ya bure ya kupikia, na makaa hayo yalimwagwa uchochoroni, mbele ya ukuta wa kila mwenye zamu yake. Wake na watoto waliyasukuma kwa koleo kupitia kidirisha kilichoachwa ukutani. Karibu na kidirisha hicho kulikuwa na kingine, cha choo. Majivu ya jiko yalimwagwa ndani ya choo kufunika kinyesi na kukikausha, na usiku wa zamu yake mwenye mkokoteni alikuja, akachota vyote, akavipeleka mashambani. Uchochoro uleule ulileta makaa na kuondoa majivu yake. Watoto walicheza hapo, kamba za kuanikia nguo zilivuka juu yake kutoka ukuta hadi ukuta, na makaa yalipofika siku ya kufua, mama mwenye shuka nyeupe kambani alikuwa na maneno ya kumwambia mwenye mkokoteni.

Ndani, kila kitu kilizunguka jiko kubwa la chuma: moto katikati, oveni upande mmoja, tangi la maji upande mwingine. Moto huo haukuzimwa kiangazi wala kipupwe, makaa yalikuwa ya bure. Hapo ndipo mchimbaji alipooga, akipiga magoti mbele ya beseni la bati, mke akimsugua mgongo. Maji yalichotwa bombani nje, mara nyingi bomba moja kwa safu nzima, yakabebwa kwa ndoo, yakachemshwa, yakamwagwa. Nguo za shimoni zilikung'utwa ukutani, zikakaushwa mbele ya moto huohuo uliokuwa ukioka mkate.

Sasa weka zamu juu ya hayo. Wakata makaa wa Durham walikuwa na zamu mbili fupi, na wavulana wanaosukuma mabehewa wakawa na yao ndefu. Nyumba yenye baba na wana watatu ilikuwa na watu wanaoondoka na kurudi saa tofauti, kila mmoja akitaka chakula cha moto na beseni la maji. Sheria ya saa nane ilipopitishwa mwaka 1908, iliyokusudiwa kumpunguzia mchimbaji kazi, wenye migodi wa Durham waliitekeleza mwaka 1910 kwa kuongeza zamu ya tatu. Kwa mama wa nyumba maana yake ilikuwa moja: hakuna kulala. Vijiji vikawaka hasira. Kule Horden, mgodi mpya wa pwani ulioanza kuzamishwa mwaka 1900, watu waliishambulia nyumba ya meneja na klabu ya wafanyakazi ikachomwa moto. Vitabu vingi vya historia huhesabu ghasia hizo kama ugomvi wa wanaume na mwajiri. Ukisoma ramani ya nyumba utaona ulikuwa ugomvi wa jikoni.

Horden yenyewe ni mfano wa kampuni isiyopenda kupoteza muda hata katika majina. Mitaa yake ilipewa namba tu, Mtaa wa Kwanza, wa Pili, wa Tatu, hadi kupita kumi. Jirani yake Easington ilitumia alfabeti: upande mmoja mitaa yote ilianza na herufi A, upande mwingine B. Maofisa wa mgodi walijengewa safu yao, yenye vyumba vikubwa zaidi na bustani mbele. Aliyetaka kujua cheo cha mtu hakuhitaji kumuuliza, alitazama dirisha lake.

Wakati huohuo, kusini zaidi, katika kaunti ya Derbyshire, mtu mmoja alijaribu njia nyingine. Emerson Bainbridge wa kampuni ya Bolsover alimpa kazi msanifu Percy Houfton, na kati ya 1891 na 1896 wakajenga New Bolsover: safu za matofali zikizunguka uwanja wa majani, klabu, duka la ushirika, shule, na reli ndogo iliyopita nyuma ya nyumba kuleta makaa na kuondoa taka. Bainbridge alitangaza kwamba anataka kijiji kisicho na ulevi, kamari wala matusi, na alikuwa na njia ya kuwakumbusha watu hilo kwa kuwa nyumba zilikuwa zake. Houfton akaendelea na Creswell, nyumba zikizunguka uwanja wa umbo la yai, kisha Woodlands karibu na Doncaster, iliyoanzishwa mwaka 1907 kwa ajili ya mgodi wa Brodsworth, yenye nyumba zaidi ya 650, miti, bustani na bafu ndani ya nyumba. Ni vijiji vizuri hadi leo. Lakini kifungo kilikuwa kilekile, kimepambwa kwa maua. Hata hivyo, mama wa Horden angebadilishana bila kufikiri mara mbili.

Durham ilibaki nyuma vibaya. Katika hesabu ya watu ya 1911, zaidi ya robo ya wakazi wa kaunti hiyo waliishi zaidi ya watu wawili kwa kila chumba. Kwa England na Wales kwa jumla hawakufika moja ya kumi. Nyumba ya bure ilikuwa imegeuka mtego. Asiyelipa kodi hana pa kudai ukarabati, na mwenye nyumba asiyepokea kodi haoni faida ya kuongeza chumba.

Aliyeumia zaidi ni mzee. Mtu aliyeingia shimoni akiwa mtoto, mapafu yakachoka baada ya miaka hamsini, siku aliyoweka chini sururu ndiyo siku nyumba ilipotakiwa kwa mwingine. Akikosa mwana wa kumpokea alikwenda nyumba ya maskini ya serikali, mume upande wake na mke upande wake. Joseph Hopper, mchimbaji na mhubiri wa Kimethodisti, ndiye aliyelishikia bango jambo hili. Wazo lake lilikuwa jepesi kulieleza: kila mchimbaji akatwe senti chache, zinunuliwe au zijengwe nyumba za wazee, wakae bila kodi hadi kufa. Chama cha makazi ya wachimbaji wazee wa Durham kiliundwa mwaka 1898, na mwaka uliofuata kikanunua nyumba za mgodi zilizoachwa tupu pale Haswell Moor, zaidi ya mia moja, kikazikarabati. Baadaye kilijenga zake katika vijiji vingi: nyumba ndogo za chini, zisizo na ngazi, zikiwekwa karibu na barabara kuu ili mzee akae dirishani aone watu wakipita. Nazihesabu kuwa nyumba bora kuliko zote zilizojengwa katika uwanda huo wa makaa. Ni za kwanza ambazo hazikumuuliza mkazi anachimba tani ngapi.

Mwaka 1919 tume ya Jaji Sankey ilikaa London kujadili hatima ya migodi, na wake wa wachimbaji wakaitwa kutoa ushahidi. Elizabeth Andrews wa Rhondda, Wales, alieleza jinsi wanawake wanavyoumia na kupoteza mimba kwa kunyanyua ndoo na mabeseni ya maji ya moto. Mwaka 1920 sheria iliweka tozo ya peni moja kwa kila tani ya makaa kwa ajili ya ustawi wa wachimbaji, na mwaka 1926 ikaongezwa tozo mahususi ya kujenga bafu penye mdomo wa shimo. Majengo hayo yenye madirisha mapana na vigae vyeupe ndani yalipunguza kazi ya nyumbani kuliko ukarabati wowote wa nyumba yenyewe: kwa mara ya kwanza masizi yalibaki mgodini.

Serikali ilichukua migodi tarehe 1 Januari 1947, pamoja na maelfu kwa maelfu ya nyumba zake. Ungedhani sasa makaa yangeacha kuamuru. Mwaka uliofuata ukaanzishwa mji mpya, Peterlee, kwa ajili ya watu wa Horden, Easington, Shotton na vijiji jirani, ukiitwa kwa jina la Peter Lee, mchimbaji aliyekuja kuwa mwenyekiti wa halmashauri ya kaunti. Msanifu aliyepewa kazi alikuwa Berthold Lubetkin, mzaliwa wa Georgia, aliyesifika kwa bwawa la pengwini katika bustani ya wanyama ya London na kwa maghorofa ya Highpoint. Alitaka mji wa kusimama wima, wenye majengo marefu katikati, uwape wachimbaji fahari waliyonyimwa na safu za namba. Bodi ya makaa, iliyoendesha migodi ya serikali, ikamwonyesha ramani nyingine, ya chini ya ardhi. Chini ya mji huo kulikuwa na mamilioni ya tani. Bodi haikuwa tayari kuyaacha, na makaa yakitolewa ardhi hutitia. Jengo refu lingepasuka. Lubetkin alipigana na wizara moja baada ya nyingine hadi mwaka 1950, akajiuzulu, akarudi shambani kwake Gloucestershire. Peterlee ikajengwa kwa nyumba fupi zilizotawanywa. Zilikuwa na bafu na maji ya moto, na waliohamia hawakumlilia Lubetkin. Hata hivyo mji uliochorwa kuwakomboa watu kutoka kwa shimo ulipangwa na shimo.

Kilichofuata kilikuwa kigumu zaidi kukisamehe, kwa kuwa kilifanywa na wenyewe. Mwaka 1951 halmashauri ya Durham, iliyokuwa mikononi mwa chama cha Labour na iliyojaa wachimbaji wa zamani, iligawa vijiji vya kaunti katika madaraja manne, A hadi D. Vijiji 114 viliwekwa daraja D: makaa yamekwisha au yanakwisha, kwa hiyo pasijengwe kipya wala pasitiwe fedha, na nyumba zikichakaa zibomolewe, watu wahamishiwe kwingine. Hesabu ileile ya makampuni ya karne iliyopita, sasa ikiwa na muhuri wa halmashauri iliyochaguliwa kwa kura. Mpango haukuwa wa kijinga kabisa. Nyumba nyingi kweli zilikuwa za kubomoa. Lakini waliouandika walisahau kwamba katika miaka mia moja watu walikuwa wamefanya jambo ambalo kampuni haikulipanga: walikuwa wameoana safu kwa safu, wamejenga makanisa, klabu, bendi za tarumbeta na vibanda vya njiwa. Wakakataa. Kamati za wakazi ziliandika barua na kujaza mikutano kwa robo karne, hadi sera hiyo ilipofutwa mwaka 1977. Vilivyofutika kabisa ni vijiji vichache. Vingi vilibaki vimejeruhiwa, safu mbili zimeondolewa hapa, moja pale.

Mgodi wa Horden ulifungwa mwaka 1987, wa Easington mwaka 1993. Nyumba za mgodi zilikuwa zimeuzwa, nyingine kwa wakazi wenyewe, nyingine kwa wawekezaji wa mbali wasiojua hata namba ya mtaa waliponunua, na bei zake ni miongoni mwa za chini kabisa Uingereza. Makaa ya bure hayaji tena uchochoroni. Vidirisha vingi vimezibwa kwa matofali ya rangi tofauti. Chama cha Hopper bado kinafanya kazi, na nyumba zake za chini zina wapangaji. Siku hizi hupokea wazee wa kila namna, maana wachimbaji wa kuzijaza hawatoshi.